Tusimsingizie Mungu kwa Kazi ya Jua

Kila anapozikwa kijana mwenye ualbino aliyeuawa na saratani ya ngozi, husemwa kuwa ni kudura. Sina ugomvi na kudura. Mja hana ujanja mbele yake. Ugomvi wangu ni na wanaoigeuza kudura kuwa shuka ya kufunikia uzembe.

Saratani hii si siri ya ghaibu. Ndani ya seli zetu mna protini zinazodhibiti unukuzi wa jeni: huamua jeni ipi isomwe, lini, na kwa kiasi gani. Mashuhuri miongoni mwao ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Mionzi ya jua inapoharibu vinasaba, p53 huamsha jeni za ukarabati na kuizuia seli isigawanyike. Uharibifu ukipita kiasi, huiamuru seli ife. Balaa ni kwamba jua humpiga hata mlinzi mwenyewe. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ngozi waliikuta jeni ya p53 imeharibika kwa namna inayobeba alama ya mionzi ya urujuanimno.

Mwaka 2007 likabainishwa jambo jingine: p53 hiyohiyo huanzisha amri ya ngozi kuongeza melanini, rangi inayotukinga na jua. Kwa mwenye ualbino, amri inaweza kutoka, lakini rangi haitengenezwi ya kutosha. Mlinzi huachwa juani tangu utotoni, hadi naye aanguke.

Serikali yetu nayo ina maradhi ya namna hiyo. Kila tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, hotuba husomwa na ahadi hutolewa. Kinachokosekana ni kinga inayomfikia mtu siku zote zilizobaki. Tumezoea kulaani mapanga ya washirikina wa Bara, na ni wajibu kuyalaani. Lakini jua linaua wengi zaidi, nalo huku Unguja halihitaji mganga wa kulituma. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Dar es Salaam walichapisha kwamba saratani hii huwakuta watu wenye ualbino wakiwa bado vijana. Tunangoja ushahidi gani tena?

Watasema hazina haina kitu. Mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun yanatengenezwa Moshi, humuhumu nchini, mahususi kwa watu wenye ualbino. Linganisha chupa hiyo na safari ya mgonjwa aliyechelewa: boti, nauli ya msindikizaji, wiki za mionzi Ocean Road, na mara nyingi kaburi mwishoni. Kinga ndiyo rahisi. Ghali ni kungoja.

Na tazama kinaya kilichomo katika masoko yetu. Mikorogo yenye zebaki na haidrokwinoni imepigwa marufuku, lakini wanunuzi hawaikosi. Biashara inawavua watu ngao waliyojaliwa, huku waliozaliwa bila ngao hiyo wakiambiwa wasubiri wafadhili.

Majumba ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Mtu anaweza kuyasema mengi, lakini yalisimama juu ya rai moja: makaazi ya mnyonge ni wajibu wa dola. Hakuna aliyeambiwa kwamba paa lake linalovuja ni kudura. Kwa nini ngozi ya mnyonge iwe na hukumu nyingine?

Madai yangu ni matatu. Mafuta ya kujikinga na jua yapatikane bure na bila kukatika katika vituo vya afya vya Unguja na Pemba. Kofia pana na mikono mirefu viwe sehemu ya sare ya mwanafunzi mwenye ualbino, wala asisimamishwe uwanjani saa za jua kali. Na kila mwenye ualbino achunguzwe ngozi kwa ratiba, kidonda kikiwa bado kidogo. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi watuonyeshe fungu la kazi hiyo katika bajeti ijayo. Kama halimo, wasije mazikoni kutufundisha subira.