Ukiuza Kompyuta ya Sayba, Usiuze na Vitambulisho vya Watu

Mwenye sayba anayefunga duka na kuuza kompyuta zake bila kuzisafisha huwa ameuza pia siri za wateja wake. Nasema hivi nikiwa fundi wa Keroka, mji ulio nusu Kisii na nusu Nyamira. Mashine nyingi zilizotumika za pande zote mbili hupita mezani kwangu kabla ya kupata mwenyewe mpya, na ninayoyakuta ndani yake yananitia hofu.

Tazama wanaoingia sayba Kebirigo, Nyamache au Suneka. Mwanafunzi anaomba mkopo wa HELB. Mwalimu anajaza fomu za TSC. Mkulima wa chai anafaili ritani za KRA. Nyanya anasajiliwa katika bima ya afya ya SHA, mjukuu akimsomea maswali. Wote huacha kitu nyuma: kitambulisho kilichopigwa skani pande zote mbili, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, picha ya pasipoti, na mara nyingi nywila ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliyohifadhiwa ili mteja akirudi kazi iende haraka. Miaka ikipita, mashine moja hubeba habari za kijiji kizima.

Wauzaji huniambia, “Fundi, nimefuta zote, hata lile pipa la taka nimelimwaga.” Hawanidanganyi. Ila kufuta faili kwa njia ya kawaida ni kama kurarua ukurasa wa yaliyomo kitabuni: sura zote zingali humo. Mara nyingi faili hubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za bure kama Recuva na PhotoRec zinaweza kuirudisha. Mimi huzitumia kuwaokolea wanafunzi wa chuo kazi walizofuta kwa bahati mbaya. Tapeli naye anazo.

Haya yamepimwa zamani. Mwaka 2003, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha utafiti wa diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Diski 129 zilifanya kazi, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo.

Asiyeona madhara akumbuke Juni 2021, Wakenya wengi walipoingia eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo. Sidai kwamba majina yao yalitoka kwenye kompyuta kuukuu. Nasema nambari ya kitambulisho ikishakutoka, huna tena uwezo wa kuchagua itumiwe wapi.

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamfunga kila anayeshika habari za watu. Lakini kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022 hazilazimishi biashara nyingi zenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kujisajili kwa Kamishna wa Data. Sayba nyingi za kwetu zimo katika kundi hilo. Wajibu wa kulinda data unabaki palepale, ila msimamizi yuko Nairobi na duka liko Ikonge.

Wanaozijua sayba hizi ni maafisa wa kaunti, kwa kuwa kila mwaka huzitoza ada ya leseni ya biashara. Kwa hiyo naziomba serikali za Kisii na Nyamira ziongeze sharti moja katika leseni hiyo: anayefunga sayba au kubadilisha mashine athibitishe kwamba diski zimesafishwa. Shule, sakosi na zahanati zinazouza kompyuta zake nazo zifuate sharti hilo.

Kazi yenyewe si ngumu. Hamishia kwenye flashi unachokihitaji, kisha toka kwenye akaunti zote. Katika Windows 10 au 11, ingia kwenye mipangilio, chagua kuirejesha mashine upya na kuondoa kila kitu, na kabla ya kuthibitisha, washa chaguo la kusafisha diski. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, faili nyingi zitaweza kufufuliwa. Kama mashine inatumia SSD, washa kwanza usimbaji wa diski nzima, ndipo ufuate hatua hizohizo. Diski iliyokufa itoboe kwa drili.

Usafishaji huu unaweza kuchukua saa nyingi, na najua muuzaji mwenye shida ya pesa hapendi kungoja. Basi aiache mashine ikifanya kazi usiku. Bei haitashuka hata shilingi. Nasi mafundi tukatae kununua mashine ambayo haijasafishwa mbele ya mwenyewe. Mteja alikukabidhi kitambulisho chake umjazie fomu. Hakukupa ruhusa ya kukiuza.