Uoga Uliovaa Kanzu ya Busara
Pale Majengo, tukicheza poka ya Texas yenye kikomo cha dau, rafiki zangu huniasa: “Usipandishe kabla karata za mezani hazijafunuliwa. Hawa hawakimbii!”

Huo ni uoga uliovaa kanzu ya busara. Kutokimbia kwao ndiko sababu ya kupandisha. Ukishika ree mbili dhidi ya wanne wanaofuata na karata yoyote, utashinda takriban mara 56 katika 100; kwa bahati tupu kila mmoja angepata 20. Wanakuchangia.

Ndiyo, Jumamosi nilipandisha, nikaliwa na jozi mbili za ovyo, nikapanda hadi Kibosho kwa miguu, nauli imekwisha. Nililiwa, sikukosea. Anayepima uamuzi kwa usiku mmoja ataliwa mwaka mzima.