Rudisheni Kiti Changu

Jumapili moja ya mwezi wa pili nilifika kanisani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kawaida yangu, kusaidia kufunga vyombo kabla ya ibada ya kwanza. Kinanda kilikuwa mahali pake. Stendi ilikuwa imepandishwa mpaka karibu na kifua changu. Kiti hakikuwepo. Nikadhani watoto wa shule ya Jumapili wamekichukua, nikaanza kukitafuta nyuma ya spika. Kaka wa kamera akaniambia, bila kuinua macho kwenye nyaya zake: "Dada, usihangaike. Kamati imepitisha. Wapiga kinanda wote mnasimama sasa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mkikaa hamwonekani. Na mkionekana, mnaonekana kama mmechoka."

Nilipiga ibada zote mbili nimesimama. Siku hiyo sikubisha. Nimekuwa nikibisha kichwani tangu hapo, daladalani, maktaba, katikati ya sura ya tatu ya tasnifu yangu ambayo haiendi popote, na sasa nimeamua kubisha hadharani. Ninachosema ni kifupi: mpiga kinanda akae. Akitaka kusimama, asimame, ila awe yeye ndiye aliyetaka, na sababu iwe wimbo. Kumnyang'anya kiti ili apendeze kwenye kamera ni kumwomba apige vibaya.

Nianze na mwili, kwa sababu huko ndiko kamati haikufika.

Wasiopiga kinanda hudhani kazi yote iko vidoleni. Tazama miguu. Mguu wa kulia uko kwenye pedali inayoshikilia sauti. Ukiikanyaga, noti zinaendelea kulia hata vidole vikiondoka, ukiiachia, zinakatika. Katika wimbo wa taratibu pedali hiyo huachiwa na kukanyagwa tena kila sauti zinapobadilika, kisigino kikiwa sakafuni na kazi yote ikifanywa na sehemu ya mbele ya mguu. Ukiwa umekaa, uzito wa mwili uko kwenye kiti na miguu yote miwili iko huru. Ukisimama, uzito unahamia mguu wa kushoto, kwa sababu wa kulia hauwezi kubeba mwili na kuchezesha pedali kwa wakati mmoja. Jaribu sasa hivi, hapo unaposoma. Simama. Inua sehemu ya mbele ya mguu wa kulia, ishushe, inua, shusha. Fanya hivyo dakika tano bila kujiegemeza popote. Kisha fikiria ibada mbili za saa mbili na nusu kila moja.

Na pedali yenyewe haitulii. Kwenye vigae inateleza kidogo kidogo kwenda mbele. Aliyekaa huifuata kwa kunyoosha mguu. Aliyesimama huifuata kwa kupinda kiuno, mpaka afike mahali anapiga kama mtu anayechungulia kisima. Mimi nimeanza kuibandika kwa tepu.

Halafu kuna stendi. Nyingi tunazotumia ni zile zenye miguu inayopishana kama herufi X, kwa sababu ni za bei nafuu na zinakunjika vizuri kwenye buti la gari. Stendi hizo zina tabia moja isiyoweza kuombewa: kadiri unavyoipandisha, ndivyo miguu yake inavyokaribiana pale chini, na ndivyo inavyoyumba. Kinanda chenye vibonyezo 88 vizito kama vya piano kinaweza kufika kilo 20. Kiweke juu ya stendi iliyosimama wima kama korongo, piga mapambio ya nguvu, uone. Mkono wa kushoto unaotakiwa kushindilia besi unaanza kuogopa.

Najua watakachosema wenzangu wa bendi, maana wameshasema. Watanitajia Wamarekani. Little Richard alipiga piano amesimama. Jerry Lee Lewis aliisukuma stuli kwa mguu na kuendelea. Ni kweli, na nawapenda wote wawili. Lakini hao walikuwa waimbaji wenye piano mbele yao, kila mmoja akiwa ndiye mwenye onyesho, na nyimbo zao nyingi za miaka ya 1950 ni za dakika mbili au tatu. Na la muhimu zaidi: Jerry Lee Lewis aliisukuma stuli *yake*, mwenyewe, pale wimbo ulipomchoma. Hakuna kamati iliyoificha stoo usiku wa Jumamosi.

Tukishaanza kutaja Wamarekani, tuwataje wote. Ray Charles aliketi. Stevie Wonder huketi. Nani aliwahi kuwatazama akasema wamechoka? Tena twende kwenye makanisa ya Wamarekani weusi, ambako hii timu yetu ya sifa imechukua nusu ya nyimbo zake bila kusema. Moto wa makanisa yale kwa miaka mingi umekuwa Hammond, kinanda kilichoingia sokoni mwaka 1935. Kina safu mbili za vibonyezo kwa ajili ya mikono, na chini kabisa safu nyingine ya miguu kwa ajili ya besi. Huwezi kukipiga ipasavyo umesimama. Miguu ina kazi nyingine. Kwa hiyo mpigaji hukaa, na watu ndio wanaoinuka.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Nenda Zanzibar usikilize taarab asilia. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na mpaka leo wapigaji wa udi, kanuni, fidla na akodioni huketi kwenye viti vyao kwa adabu na utulivu. Anayesimama ni msikilizaji. Neno likimgusa, anainuka, anatembea mbele za watu wote na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji. Fikiria mpangilio huo kwa makini: aliyekaa anapiga, na ubora wa upigaji wake unampandisha mtu mzima kutoka kitini na kumtoa pesa mfukoni. Sisi tumeugeuza. Tunamsimamisha mpigaji ili tuliokaa tuone kwamba kuna jambo linatokea.

Hata gitaa, chombo ambacho ukikifunga mkanda unaweza kukimbia nacho, halijawahi kulazimisha mtu asimame. Zipo rekodi za televisheni za Franco wa TPOK Jazz ameketi, gitaa mapajani, na bendi nzima ikiwaka moto nyuma yake.

Sasa nikiri. Hoja ya upande wa pili ina nguvu mahali pamoja, na mahali hapo nimeishi.

Nilipokuwa shahada ya kwanza nilipiga miaka miwili kwenye bendi ya harusi na sendoff. Huko nilisimama, na nilisimama kwa furaha. Mimi ni mfupi. Nikikaa nyuma ya kinanda, mbele kukiwa na waimbaji watatu na maua ya jukwaani, napotea kabisa. Usiku mmoja mama mmoja alimfuata mpiga besi wetu mwisho wa sherehe, akampongeza kwa kinanda. Mpiga besi akanionyesha mimi. Mama akacheka: "Kumbe ni wewe, mwanangu? Mimi nilijua ni mwanaume." Kuanzia wiki iliyofuata nilipiga nimesimama. Nilitaka mabinti waliokuwa ukumbini waone kwamba mikono ile ni ya mwanamke. Sitasema nilikosea kutaka hivyo. Wasichana wanaopiga vyombo bado ni wachache kiasi kwamba kuonekana peke yake ni kazi.

Lakini nina rekodi. Yule kaka aliyekuwa akitupigia video alinipa zote, na mwaka jana, nikikwepa tena tasnifu, nilizisikiliza. Upo wimbo mmoja wa kuingilia maharusi ambao tuliupiga karibu kila Jumamosi. Katika rekodi za mwanzo, nikiwa nimekaa, mkono wa kushoto unatembea, unashuka na kupanda, unazungumza na mpiga besi. Katika rekodi za kusimama, mkono huo huo unapiga noti moja na kuiacha. Pedali inachelewa. Mahali ambapo sauti zilitakiwa kushikana, zinakatika kama mtu anayesoma kwa kuhema. Hakuna aliyewahi kuniambia. Walikuwa wananitazama, na machoni nilikuwa vizuri sana.

Hilo ndilo linaloniuma. Nilitaka waone kwamba mwanamke anaweza kupiga, nikawaonyesha mwanamke anayepiga chini ya uwezo wake.

Na dawa ya kutoonekana ilikuwepo muda wote. Sogeza maua. Weka kinanda pembeni kikitazama jukwaa kwa ubavu, ili watu waone uso na mikono pamoja. Weka mpigaji juu ya kijukwaa kidogo, kama anavyowekwa mpiga dramu, ambaye hukaa ibada nzima na hakuna aliyewahi kumwambia anaonekana amechoka. Na kamera je? Kamera ina miguu mitatu inayorefuka na kufupika kwa kuzungusha skrubu. Mimi yangu haina skrubu. Kati yetu wawili, nani ashuke?

Ipo hoja nyingine, nayo ndiyo iliyofunga mjadala kwenye kamati: kwamba mbele za Mungu tunasimama. Hiyo inanyamazisha watu, kwa sababu nani atabisha? Basi nibishe kwa adabu. Tunaosimama kwa nyimbo tunapiga magoti kwa toba na kukaa kwa neno, na hakuna anayesema wakati wa mahubiri tumemvunjia Mungu heshima. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tatu, wafalme watatu wamekwama jangwani bila maji, wanamwendea nabii Elisha, naye anaomba jambo moja kwanza: aletewe mpiga kinanda. Mpigaji anapiga, ndipo neno linakuja. Jina lake halitajwi. Kama alisimama au alikaa, hatuambiwi. Tunaambiwa alipiga.

Ningekuwa mimi peke yangu pengine ningenyamaza. Nina miaka ishirini na sita. Mgongo ukiuma Jumapili, Jumanne umepona. Ninaandika kwa sababu ya Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyetufundisha wote. Ana miaka sitini na kitu, na goti lake la kulia ni bovu tangu ajali ya pikipiki. Alikuwa akipiga ibada ya pili kwa zamu, Jumapili moja yeye, moja mimi. Tangazo la kamati lilipotoka, hakuna aliyemwambia aondoke. Walimwambia "apumzike", na kwamba mchango wake hautasahaulika. Wakampigia makofi. Jumapili iliyofuata alikaa safu ya tano, upande wa wanaume, mikono juu ya mapaja. Tulipoanza wimbo wa pili nikaona vidole vyake vinacheza juu ya suruali, mkono wa kushoto ukishuka pale pale ambapo wangu, kwa kusimama, ulishindwa kushuka.

Baada ya ibada nilimfuata nje. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ule mwisho wa wimbo wa pili umeukimbiza."

Nikamwambia ni mguu. Akatikisa kichwa. "Mimi goti langu linauma mwaka wa kumi na moja huu. Halijawahi kukosea noti. Lilitaka kiti tu."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Kanuni inayosema "wote wasimame" inasikika kama ya usawa, kumbe inachagua. Inamchagua kijana na kumwacha mzee, inamchagua mrefu, mwenye magoti mazima, asiye na mimba, asiye na mguu uliopooza. Nasi tutakuja kuambiwa kwamba wapiga kinanda wazuri wamepungua, tutaitisha semina ya kuwatafuta, wakati mmoja wao yuko safu ya tano anapiga suruali.

Wewe mpiga kinanda unayesoma haya, mwenye bendi ya baa, ya kwaya au ya harusi: sikukatazi kusimama. Kama unapiga mlio mmoja wa tarumbeta kwa mkono wa kulia katika wimbo wa kuruka, simama, ruka nao. Mimi mwenyewe kwenye mapambio huinuka nikichomwa. Lakini ukiambiwa usimame kwa ajili ya picha, uliza maswali mawili. Je, umesikiliza rekodi yangu nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama? Na kama unataka mtu wa kutazamwa, bajeti ya mcheza shoo iko wapi?

Wiki iliyopita niliiandikia kamati barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba mambo matatu: kiti kirudi, stendi ishushwe, Mwalimu arudishwe kwenye zamu. Mwenyekiti amejibu kwa ujumbe wa simu kwamba wataomba na kulijadili.

Waombe. Mimi Ijumaa nilishuka Kariakoo nikanunua stuli nyeusi ya kukunja, ya kupandisha na kushusha, shilingi elfu sitini ambazo zilikuwa za kuchapisha rasimu. Iko hapa chumbani, nimeikalia ninapoandika. Jumapili naibeba kwenye bajaji. Ni zamu yangu ibada ya kwanza. Ya pili nitaiacha pale pale kwenye kinanda, nitaishusha kidogo, maana Mwalimu ni mrefu kuliko mimi, halafu nitaenda kukaa safu ya tano.