Uongo wa Pembeni katika Madai ya Bima

Adhabu ya kudai fidia ya bima kwa udanganyifu hudhaniwa kuwa ni kifungo peke yake, na kweli Uingereza, kwa Sheria ya Udanganyifu ya mwaka 2006, huruhusu kifungo cha hadi miaka 10. Lakini pigo linalowapata wengi hutoka katika sheria ya madai, yaani ile inayosimamia haki baina ya watu wenyewe bila ya dola kumshtaki yeyote. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Bima ya mwaka 2015 kinaiondolea kampuni wajibu wa kulipa dai zima, hata sehemu yake ya kweli, na kinairuhusu kuvunja mkataba tangu siku ya udanganyifu, huku ada iliyokwisha kulipwa ikibaki mikononi mwake. Anayeibiwa televisheni, kisha akaongeza saa ambayo hakuwa nayo, hukosa vyote viwili.

Ukali huo, ambao una sababu zake, ulihitaji mpaka, na Mahakama ya Juu iliuweka mwaka 2016 katika kesi ya meli DC Merwestone, ambayo chumba chake cha injini kilifurika maji: upande wa wamiliki ulitunga maelezo kuhusu kengele ya tahadhari, ilhali hasara ilikuwa halisi na ingelipwa hata bila ya maelezo hayo. Majaji walio wengi waliamua kwamba uongo wa pembeni, usiobadilisha haki ya mdai, haufuti dai. Lord Mance alipinga, na hofu yake kwamba uamuzi huo ungedhoofisha uaminifu wakati wa kudai si ya kupuuzwa.