Maarifa ya Nyumbani: Ndege ya Mezani Isiyotaka Kutulia

Katika nyumba nyingi za kambini siku hizi hakosekani kijana mmoja ambaye, akiisha kumaliza kazi za shule, huketi mbele ya kompyuta akaendesha ndege. Ndege yenyewe haipo. Ipo picha ya ardhi na saa za vipimo katika kioo, na usukani mdogo wa mkono uliowekwa mezani, ambao vijana huuita joistiki. Wazazi hudhani kuwa ni mchezo tu, wala hawastahili kulaumiwa wakidhani hivyo pale umeme unapokwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini mashine ya kuigiza urubani haikuzaliwa kwa ajili ya mchezo. Edwin Link, Mmarekani ambaye jamaa zake walikuwa na kiwanda cha vinanda, aliunda ya kwake mwaka 1929 kwa kutumia mivukuto ya vinanda hivyo, na mwaka 1934 jeshi la Marekani lilinunua sita, baada ya marubani wake kadhaa kufa walipokuwa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa.

Malalamiko ya vijana hawa aghalabu ni mamoja. Ndege haitaki kutulia. Kijana akivuta usukani, pua hupanda. Akiulegeza, pua huinama na ndege huanza kushuka. Basi hukaza mkono nusu saa nzima, kiganja kikamuuma, na mwisho wa safari ndege imepanda na kushuka kama mashua katika mawimbi. Baba mtu, ambaye huenda alisafiri kwa ndege ya jeshi akaona rubani ameweka mikono mapajani, huuliza kwa haki: je, kazi ya rubani ni kushindana mieleka na usukani?

Hapana. Rubani anayo trimu, yaani chombo cha kusawazisha pua. Mtu abebaye ndoo mbili za maji kwa mzega, akiona ya mbele imezidi uzito, hashindani nayo kwa mkono mpaka nyumbani. Huusogeza mti nyuma kidogo juu ya bega, na mara ndoo mbili hulingana. Trimu ndiyo kuusogeza mti huo. Katika Cessna 172, ndege ndogo ambayo wanafunzi wengi duniani wamejifunzia, kuna gurudumu dogo lililosimama chini ya mkono wa gesi, kati ya rubani na mwenziwe. Gurudumu hilo huvuta waya hadi mkiani, ambako bapa jembamba limeshikizwa ukingoni mwa ubao unaoinua na kuinamisha pua. Bapa likishuka, upepo hulisukuma juu, nalo huubeba ubao pamoja nalo. Hivyo upepo wenyewe hushika mzigo ambao ungeshikwa na mkono.

Tofauti ya nyumbani imo katika springi, na vijana wengi hawaambiwi jambo hili. Katika ndege halisi rubani hushika usukani mahali pua inapotakiwa, kisha huzungusha trimu mpaka mkono usisikie uzito wowote. Usukani hubaki palepale. Joistiki ya kawaida ina springi ambayo hurudi katikati daima, hata trimu ikizungushwa mara mia. Kwa hiyo kijana apigapo trimu huku mkono wake umevuta vilevile, pua huzidi kuinuka. Hushtuka, akasukuma, akatengua trimu, na mieleka huanza upya. Dawa yake ni kuulegeza mkono kidogo kidogo kuelekea katikati kwa kila pigo la trimu, macho yakiwa kwenye upeo wa mbingu, hata usukani usimame wenyewe katikati na pua isicheze. Zipo joistiki zenye mota ambazo huhamisha mahali pa kutulia kama ndege halisi, lakini bei yake si ya kila nyumba.

Ama kuhusu matengenezo yenyewe, yafaa kwanza joistiki ipimwe katika kompyuta ili kituo chake kiwe katikati kwa hakika, maana joistiki iliyopinda itadanganya trimu kila siku. Kisha vichaguliwe vitufe viwili vinavyofikiwa na kidole gumba bila kuachia usukani: cha mbele kiinamishe pua, cha nyuma kiiinue, sawa na mwendo wa usukani wenyewe. Katika programu ya Microsoft Flight Simulator kazi hiyo imekwisha kuwekwa pia katika namba za upande wa kulia wa kibodi, 7 kwa kuinamisha na 1 kwa kuinua. Katika FlightGear, ambayo hutolewa bure, ni vitufe vilivyoandikwa Home na End. Kitufe kipigwe kwa vipigo vifupi. Anayekikandamiza muda mrefu hupita mahali alipopataka. Mwenye gurudumu la trimu la mezani aondoe amri za vitufe, kwa maana vyombo viwili kuamuru trimu moja ni kama makoplo wawili kuamuru gwaride moja, tena alirudishe gurudumu mahali pa kuondokea kabla ya kuipakia ndege, la sivyo pua huenda ikaruka mara ndege iachapo ardhi. Lakini asiye nalo asisumbuke kulitafuta. Vitufe viwili vinatosha kabisa kujifunzia.

Majaribio yafanywe juu, si karibu na ardhi. Ndege ipandishwe futi 3,000, mizunguko ya injini iwekwe karibu 2,300 kwa dakika, pua ishikwe sawa na upeo, na kijana angoje. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Mwendo ukiwa bado waongezeka, trimu ya sasa itakuwa makosa baada ya nusu dakika. Mshale wa mwendo ukitulia karibu noti 100, ndipo trimu ipigwe, mkono ukilegezwa, kisha usukani uachwe dakika nzima. Baada ya hapo na apunguze gesi bila kugusa usukani. Ataona pua ikiinama yenyewe, kwa kuwa trimu hailindi kimo, hulinda mwendo. Ndege huutafuta ule mwendo iliosawazishiwa. Akishaliona hili kwa macho yake, hataitumia tena trimu kama usukani wa pili, ambalo ni kosa baya kuliko kutoitumia.

Na lipo la hatari zaidi, ambalo kompyuta hulionyesha bila kumuumiza mtu. Ndege inayokaribia kutua husawazishwa kwa mwendo mdogo, pua ikiwa imeelemewa na trimu ya kuinua. Rubani akilazimika kughairi na kutia gesi yote, pua huruka juu kwa nguvu. Asipousukuma usukani mara moja na kuondoa trimu hiyo, mwendo hufa na mabawa huacha kubeba. Kijana alijaribu hili mara kumi kwenye kioo.

Kwamba trimu si jambo dogo, watu wa nchi zetu walilijua kwa machozi tarehe 10 Machi 2019. Ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka baada ya dakika sita karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, na Wakenya miongoni mwao walikuwa 32. Kipimo kimoja kilichoharibika kilidanganya kompyuta ya ndege, nayo ikawa inasogeza trimu ya mkiani kuinamisha pua tena na tena. Marubani walikata umeme wa trimu kama walivyofundishwa, wakashika gurudumu kwa mikono. Lakini mwendo ulikuwa mkubwa mno, na upepo uliulemea mkia hata gurudumu halikuzunguka. Miezi mitano kabla, Oktoba 2018, ndege ya Lion Air ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka kwa sababu kama hiyo na kuua watu 189. Ndege hizo ziliporuhusiwa tena nchini Marekani mwezi Novemba 2020, marubani walitakiwa kwanza kuingia katika mashine ya kuigiza.

Limebaki neno moja kuhusu rubani wa mashine, yule anayeendesha ndege mwenyewe. Yeye naye hutumia trimu, tena kimyakimya. Kwa hiyo kijana asimzime huku mikono yake iko mezani. Aushike usukani kwanza, atazame pua, ndipo amzime, maana trimu ataikuta pale ilipoachwa na mwingine. Na matengenezo yakiisha kukubali, yahifadhiwe kwa jina la mwenyewe, kabla wadogo zake hawajafika na kuyageuza.