Mawaziri 40, Mhoji Hakuna



Aprili 2008 Rais Kibaki na Raila Odinga waliafikiana baraza la mawaziri 40, tukaambiwa hiyo ndiyo gharama ya amani. Amani ya nani? Agosti na Septemba 2012, serikali hiyo ingali madarakani, watu zaidi ya 100 waliuawa Tana Delta. Nyumba za jirani zetu wa Kilelengwani zikateketezwa. Viti tele, ulinzi haba! Nani angewahoji Bungeni, ilhali PNU na ODM waliketi meza moja?

Katiba ya 2010 iliweka kikomo: mawaziri wasizidi 22. Lakini mwaka 2024 viongozi wa ODM, chama cha upinzani, waliingia tena barazani.

Wapokomo kwa Waorma, makanisani na misikitini, tudai upinzani ubaki upinzani. Kinywa kilichojaa hakikemei.