Redio Ikizimwa Ndipo Kazi Inaanza

Ndugu zangu wa Zirai, nanyi nyote mlioko milimani Usambara, kuanzia Amani mpaka Lushoto na Mlalo,

Nawaandikia kutoka Ujerumani, na barua hii haina salamu za afya wala habari za ada ya shule, kwa kuwa hizo zina simu yake. Nataka tuzungumze juu ya redio, magazeti, televisheni na hizi simu za kiganjani, ambazo siku hizi zinatupasha habari, zinatushawishi na kutushauri, mara nyingi vyote vitatu kwa pumzi moja. Chombo cha habari kinaweza kupasha habari peke yake. Kushawishi pia kinaweza peke yake, tena kwa urahisi wa kutisha. Kushauri ndiko kunakokishinda, mpaka wale wanaoshauriwa wapate mahali pa kukaa, wapime walichosikia, wakikatae kama hakifai, na jibu lao limfikie aliyesema. Mahali hapo tuliwahi kuwa napo. Tumepaacha pakapotea huku tukihesabu minara ya simu na kusema tumeendelea.

Tuanze na ushauri ulioharibika, kwa kuwa milima yetu imeuonja. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baada ya miaka michache ukatandazwa sehemu nyingine za Usambara. Kitaalamu haukuwa upuuzi. Bwana shamba aliyesema kwamba udongo unashuka na maji ya mvua alisema jambo ambalo kila mkulima alikuwa akiliona kwa macho yake. Dawa aliyoileta ilikuwa matuta: kila kaya ilime matuta kwenye mteremko wake, na asiyelima atozwe faini. Hakuna aliyeuliza nani atashika jembe. Walioshika zaidi ni akina mama, juu ya kazi zote walizokuwa nazo tayari. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1990 juu ya wakulima wa Usambara na fikra zao za siasa, anaonyesha kwamba watu walikuwa na hoja nzito kuhusu ardhi, kuhusu nguvu kazi, na kuhusu nani mwenye haki ya kuamua. Hoja hizo hazikuwa na mlango wa kuingilia ofisini. Zikaingilia kwenye siasa, chama cha TANU kikazipokea, na kabla ya uhuru mpango ule ukawa umekwisha kufa. Udongo uliendelea kushuka. Ukweli wa kitaalamu ulishindwa kwa sababu uliletwa kama amri, na watu walipoikataa amri wakaukataa na ukweli uliobebwa ndani yake.

Wala haikuwa kwa kukosa vyombo vya habari. Kiswahili cha magazeti kilikulia karibu na kwetu kuliko tunavyokumbuka. Wamisionari wa UMCA walichapa Habari za Mwezi pale Magila katika miaka ya 1890, na shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikatoa Kiongozi kuanzia mwaka 1904, gazeti ambalo waandishi Waafrika waliliandikia habari za sehemu walizokuwa wakifanya kazi. Kwa upande mwingine, taasisi ya kilimo ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilichunguza udongo na mimea yetu kisha ikachapisha matokeo kwa Kijerumani, walowezi wasome. Ujuzi juu ya mlima ulipita juu ya vichwa vya watu wa mlima.

Sasa tutazame ushauri uliofaulu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu wanaikumbuka. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa hata na watu milioni 15. Kilichofanya kazi si redio peke yake, na hapa naomba tukae kidogo. Majirani wachache walikusanyika kwenye redio moja ya betri. Alikuwapo kiongozi wa kikundi aliyekwisha kufundishwa, na maelfu kwa maelfu ya viongozi wa namna hiyo walifundishwa kabla kipindi cha kwanza hakijasikika. Walisikiliza, kisha redio ikazimwa. Aliyejua kusoma akafungua kitabu cha kampeni akawasomea wasiojua. Halafu likaja swali lililokuwa kiini cha mpango wote: je, hapa kwetu ugonjwa huu upo, unatoka wapi, na sisi tutafanya nini kabla ya kipindi kijacho? Mmoja angesema maji ya kisima yanaingia uchafu wa ng'ombe. Mwingine angebisha kuwa kuni za kuchemshia maji hazipatikani. Wakakubaliana kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Vyoo vilivyochimbwa nchini wakati wa kampeni ile vilihesabiwa kwa malaki.

Najua mtakalosema, hasa wale wenye kumbukumbu nzuri. Mtasema kwamba enzi zile hapakuwa na hiari, kwamba redio ilikuwa moja na sauti moja, na wengine walichimba choo kwa kumwogopa katibu kata. Pingamizi hili lina uzito na silikwepi. Lakini tazameni kilichotokea mwaka uleule. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, itimizwe kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Nchi ilikuwa ileile, redio ileile, chama kilekile. Jambo moja lilipelekwa kwenye vikundi likajadiliwa wiki baada ya wiki. Lingine likapelekwa kwa malori, na pengine kwa nyumba kuchomwa moto. La kwanza watu bado wanalisimulia kwa kujivunia. La pili, wengi walianza kurudi mashambani mwao mara tu mkono wa serikali ulipolegea. Kama woga ndio uliokuwa unatenda kazi, mambo haya mawili yangeishia pamoja.

Ushahidi mwingine ni wa wakati ambapo redio za watu binafsi zilikuwa zimekaribia kuruhusiwa. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika wake aliyejulikana zaidi ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu aliyechoka kunyamaza. Waliouandaa walifanya jambo lisilo la kawaida: kwa miaka 2 hivi mtambo wa Dodoma ukarusha vipindi vingine, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale mchezo uliposikika. Na walipotafuta njia mabadiliko yalimopitia, waliyakuta kwenye mazungumzo, mume na mke, mtu na jirani yake. Kumlaumu Mkwaju ni rahisi, kwa kuwa si mjomba wa mtu. Ukishamlaumu Mkwaju mbele ya mumeo, umekwisha kumwambia mumeo jambo.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na kwa miezi kadhaa magazeti, redio na televisheni havikuwa na habari nyingine. Tukaletewa picha za wakubwa wakinywa kikombe. Tukasomewa shuhuda. Foleni ya magari ikaenda kilomita kwa kilomita, na wagonjwa wakafia humo. Sina nia ya kumhukumu marehemu mzee yule, wala walioamini. Swali langu linawahusu waandishi. Picha ya waziri akinywa dawa ni habari, kwa maana kweli alikunywa. Ni ushawishi pia. Na kwa mgonjwa aliyekuwa anatafakari aache vidonge vyake vya kila siku au la, ile picha ilikuwa ushauri wa tiba. Kazi tatu zilifanywa kwa picha moja, na anayeichapisha akiulizwa atajibu kwamba yeye anaripoti tu. Waliofunga safari kutoka mikoa ya mbali hawakuwa wajinga. Walipata sauti nyingi zinazosema jambo moja, na hawakupata kikao chenye mtu wa kuwauliza: uliyemwona amepona, amepimwa wapi, na ni miezi mingapi imepita?

Vijana mtanijibu kwamba kikao kipo, kimo simuni. Kila ukoo una kundi la WhatsApp, na watu wanabishana usiku kucha. Ni kweli wanabishana. Lakini ujumbe uliopitia mikono mingi hauna mwenyewe. Mnabishana ninyi kwa ninyi, huku aliyeuanzisha hayupo, wala hajui kama Zirai ipo. Tena mazungumzo peke yake si kinga. Rwanda mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walisikiliza redio ya RTLM kwa makundi, kwenye vilabu na kwenye vizuizi vya barabarani, na walizungumza sana. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Desemba 2003 waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Kilichokosekana pale ni nafasi ya kusema hapana ukabaki salama. Huku nilipo wanalijua hilo kwa uchungu wao wenyewe: mwaka 1933 utawala wa Hitler ulitoa redio ya bei nafuu ili kila nyumba isikie sauti moja, na hadi leo mashirika ya utangazaji ya umma ya Ujerumani yanasimamiwa na mabaraza yenye watu wa makanisa, vyama vya wafanyakazi na makundi mengine ya jamii, ili yasiwe mali ya serikali iliyopo.

Naja kwetu sisi tulioko ughaibuni, maana nasi tumekuwa kituo cha utangazaji kisicho na leseni. Baada ya tarehe 29 Aprili 2020, takwimu za korona nchini zilipokoma kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, nyumbani palibaki ukimya wa zaidi ya mwaka. Kila Mtanzania aliyekuwa London au Minneapolis akajiona ana wajibu wa kuujaza. Mengine yaliyotumwa yalikuwa sahihi na yaliokoa watu. Mengine yalikuwa uzushi mtupu juu ya chanjo, na yalipokelewa kwa heshima ileile, kwa sababu tu yametoka kwa mtoto wetu aliyeko Ulaya. Rais Samia alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, uzushi ule ulikuwa umekwisha kutulia vichwani. Kuishi karibu na hospitali kubwa hakumfanyi mtu kuwa daktari. Tukiwatumia jambo, mtuulize limetoka wapi, nani amelisema, na kama sisi wenyewe tumelifuata. Msituonee haya.

Na vituo vya redio viulizwe hivyohivyo. Mtangazaji anasoma habari za msiba, anahamia kwenye dawa ya kuongeza nguvu, kisha anawaambia vijana wabeti, kwa sauti ileile na ucheshi uleule. Mwenye kituo atasema bila matangazo hayo mishahara hailipiki, na sidhani kama anadanganya. Redio ndogo ya wilayani haina mfadhili mwingine. Sidai matangazo yaondolewe. Nadai yatajwe. Magazeti ya Ujerumani yanabanwa na sheria kuweka alama kwenye kila ukurasa uliolipiwa, msomaji ajue kwamba hapa anauziwa. Sentensi moja ya mtangazaji, kwamba kipindi hiki kimelipiwa na fulani, haikipunguzii kituo senti, labda tu kama aliyelipa alikuwa ananunua hasa kule kutojulikana kwake.

Ombi langu ni dogo. Kila mwezi watu wa kitongoji wasikilize pamoja kipindi kimoja cha kilimo au cha afya, redio izimwe, afisa ugani au mhudumu wa afya awepo, na mmoja aandike maswali yapelekwe kituoni yajibiwe hewani. Wenye shughuli nyingi watasema hawana nafasi, na nawaelewa, hasa akina mama, ambao mikutano yetu ina desturi ya kuwakalisha nyuma na kuwaachia kazi mbele. Basi kikao kifuate saa zao. Gharama ya betri, vocha na daftari sisi wa huku tunaweza kuibeba, na itatugharimu pungufu ya michango mingi ya harusi tunayoombwa. Swali la kwanza mnaweza kulianza wiki hii: kilo ya iliki kavu inauzwa kiasi gani Tanga mjini, mchuuzi anayepanda mpaka kwetu anatoa kiasi gani, na redio inayotutangazia bei za mazao inazipata kwa nani? Mkishajibiwa, niandikieni.

Ndugu yenu, Ujerumani.